Aliyechelewa Kukata Rufani: Je, Afunguliwe Mlango?

Tunazo mithali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, Kawia ufike. Ya pili yasema, Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Zote mbili ni za kweli, kila moja kwa siku yake. Lakini pana mahali zinapokutana na kushindana uso kwa uso, napo ni mlangoni mwa mahakama, mtu aliyeshindwa katika shauri lake ajapo baada ya siku za rufani kwisha, akaomba aongezewe muda ili asikizwe.

Neno hili si geni kwetu tukaao mjini Arusha na pande zote za Mlima Meru. Vihamba vimekuwa vyembamba, watu wamezidi, na mashauri ya mipaka na urithi huenda barazani mara nyingi. Penye hukumu pana aliyeshindwa, na aliyeshindwa pengine hukawia. Ndipo aendapo kwa mwinjilisti au mzee wa kanisa kuomba barua au ushuhuda. Kwa hiyo yafaa tuulize pamoja: Je, ni haki kumfungulia mlango aliyechelewa? Na sisi tuombwao msaada, yatupasa kusaidia kwa njia gani?

Kwanza tuitazame sheria. Anayeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kupeleka rufani katika Mahakama ya Wilaya. Anayeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shauri likiwa lilianzia huko, ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Aliyehukumiwa kwa kosa la jinai katika mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya nia yake katika siku 10, na rufani yenyewe katika siku 45. Atakaye kwenda mpaka Mahakama ya Rufani hutoa taarifa katika siku 30. Siku hizo zikipita, mlango wafungwa. Lakini haukupigwa misumari. Sheria yasema kwamba mahakama yaweza kuongeza muda ikiwa mwombaji ameonyesha sababu ya kutosha. Maneno hayo ni machache, nayo hayasemi ni sababu gani itoshayo. Hapo ndipo kazi ya hakimu, na hapo ndipo swali letu.

Watu wengi hudhani ya kuwa siku za rufani zimewekwa kwa ugumu wa moyo wa wakubwa, au kwa kupenda karatasi kuliko watu. Sivyo. Na tuwatazame majirani wawili wenye mpaka mmoja wa kihamba. Wameshtakiana, mmoja ameshinda. Huyu aliyeshinda angojea siku zake 45, haoni mtu. Ndipo apanda migomba, ajenga nyumba ya mwanawe, pengine akopa fedha kwa kuitegemea ardhi hiyo. Mwaka wapita. Siku moja aletewa karatasi ya kumwita mahakamani, kwa kuwa mwenzake aomba kuongezewa muda. Je, mtu huyo hana neno la kusema? Analo. Yeye alishika sheria. Alingoja kadiri alivyoambiwa kungoja. Na amani aliyokuwa nayo haikuwa ya wizi.

Hapo twaona jambo lisahauliwalo na wengi. Muda wa rufani ni mali ya watu wawili. Siku 45 za kwanza ni za aliyeshindwa, azitumie apendavyo. Lakini siku inayofuata si yake tena. Imekuwa ya jirani yake. Basi anayeomba kuongezewa siku haombi kitu kilicho cha hakimu peke yake. Aomba kitu ambacho hakimu hana budi kukitoa katika mfuko wa mtu mwingine. Huruma itolewayo katika mfuko wa mwingine haina budi kuwa na sababu, tena sababu ya kweli.

Hata hivyo mtu aweza kujibu: Je, haki yageuka kuwa si haki kwa sababu ya kalenda? Kama kihamba kilikuwa cha mjane siku ya 45, hakikuacha kuwa chake siku ya 46. Neno hilo ni zito, wala tusilipite upesi. Wazee wetu wa zamani wangaliungana nalo. P. H. Gulliver, mwanachuoni aliyekaa kati ya Waarusha katika miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi watu hao walivyokata mashauri kwa kujadiliana barazani hata pande mbili zikapatana, wala si kwa hakimu mmoja kutoa amri. Palipo na njia hiyo, kuhesabu siku hakuna maana kubwa, maana shauri laisha watu wakiisha kupatana. Lakini mahakama ya leo yakata shauri hata asiyekubali aachwe na huzuni yake. Kwa hiyo yahitaji kikomo. Kama sivyo, aliyeshindwa angeweza kulirudisha shauri kila mwaka, na mwenye fedha nyingi angemchosha maskini mpaka amwachie.

Tena watu wa Meru wajua kwa uchungu maana ya kusikizwa jambo likiisha kutendeka. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao elfu tatu waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, ili nchi yao wapewe walowezi. Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952 kuwasemea. Hawakulala Wameru; walichanga fedha zao wakamtuma mtu wao mbali sana. Alisikizwa kwa heshima, lakini alipokuwa akisema, nyumba zilikuwa zimekwisha kuteketezwa na nchi ilikuwa mikononi mwa wengine. Habari hiyo yatufundisha mambo mawili: kwamba si kila ajaye nyuma ya tendo ni mvivu, na kwamba kila siku ipitayo huongeza ugumu wa kulirudisha jambo mahali pake.

Basi ni shida kuamua. Na ajabu yake ni kwamba katika mji wetu wa Arusha zimekutana mahakama tatu ambazo zimelijibu swali hili kwa njia tatu mbalimbali.

Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa sahihi hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wampa mlalamikaji miezi miwili tu. Mwaka 2012 majaji wa rufani wa mahakama hiyo walikata shauri lililohusu maovu yaliyosemwa kuwa yalitendwa katika Mlima Elgon, Kenya, kati ya mwaka 2006 na 2008. Walisema ya kuwa mkataba haukuwapa uwezo wa kuongeza muda. Ingawa mambo yaliyolalamikiwa yalikuwa mazito sana, miezi miwili ni miezi miwili. Huo ni mlango wa chuma.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hiyo haikuhesabu siku kwa idadi. Hutaka tu shauri liletwe katika muda wa kiasi, ikipima hali ya kila mtu. Tarehe 20 Novemba 2015 ilitoa hukumu katika ombi la mfungwa mmoja wa Tanzania, lililokuwa limekaa zaidi ya miaka mitatu. Ililipokea, kwa kuwa alikuwa kifungoni, hana mali, wala si mjuzi wa sheria. Lakini mwezi wa Septemba 2019 iliwakataa wafungwa wengine wawili waliokawia miaka mitano na miezi minne, maana hawakueleza jinsi kifungo kilivyowazuia. Mahakama hiyo yapima kwa mizani. (Serikali ya Tanzania ilitoa taarifa Novemba 2019 ya kuondoa ruhusa ya watu wake kwenda huko moja kwa moja, nayo ikaanza kutumika Novemba 2020, mashauri yaliyokwisha kuingia yaliendelea kusikizwa.)

Ya tatu ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo huja Arusha kwa vikao vyake. Njia yake ni ya katikati: siku ni za kuhesabika, lakini mlango waweza kufunguliwa. Mwaka 2011, ikikaa hapa Arusha, katika ombi la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya dhidi ya wadhamini wa chama cha wanawake Wakristo, ilitaja mambo manne ambayo mpaka leo hurudiwa karibu katika kila ombi la namna hii. La kwanza, mwombaji atoe hesabu ya muda wote aliochelewa. La pili, kuchelewa kusiwe kwingi kupita kiasi. La tatu, mwombaji aonyeshe bidii, wala si ulegevu na uzembe katika jambo alitakalo. La nne, sababu nyingine nzito, kama vile hukumu yenyewe kuwa na uvunjaji wa sheria ulio dhahiri. Hilo la mwisho lilikuwa limekwisha kukubaliwa na mahakama hiyo mwaka 1992. Na mwaka 1997 ilisema ya kuwa mtu aliyeleta rufani yake kwa wakati, ikaondolewa kwa kasoro, naye akarudi upesi, hachukuliwi sawa na mtu aliyelala.

Tulitazame hasa lile neno la hesabu. Katika ombi namba 3 la mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hata siku moja ya kuchelewa haina budi kuelezwa, maana kama sivyo, kuweka muda kungekuwa kazi bure. Tuseme hukumu ya baraza la ardhi ilitolewa tarehe 1 Machi. Siku 45 zaisha tarehe 15 Aprili. Mwombaji aja tarehe 20 Julai. Amechelewa siku 96. Asema aliugua, naye anazo karatasi za hospitali za tangu tarehe 10 Aprili mpaka tarehe 30 Mei. Vema, ugonjwa haukuwa mikononi mwake, na siku 45 katika zile 96 zimepata maelezo. Lakini zile 51 zilizobaki alikuwa wapi? Akinyamaza, ombi lake laanguka, ingawa ugonjwa ulikuwa wa kweli kabisa. Wengi hushindwa hapo. Hudhani ya kuwa sababu moja kubwa yafunika siku zote, kumbe kila siku yataka nguo yake.

Je, huo si ukali mno? Kwa mtu mwenye wakili na kabati la karatasi si ukali. Lakini mjane wa kijijini, ambaye hakupata kusoma, ataikumbukaje kila siku ya mwezi wa Juni? Na yule aliyepewa hukumu ya Kiingereza, lugha asiyoijua, naye akazunguka akitafuta wa kumfasiria? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mahakama zimesema mara nyingi kwamba kutoijua sheria si sababu ya kutosha. Aliye dhaifu huumia kwa neno hilo kuliko aliye na nguvu. Nakiri ya kuwa sioni njia ya kuuondoa ugumu huu wote. Ukimsamehe kila asiyejua, hakuna atakayejua. Usipomsamehe yeyote, kikomo kilichowekwa kwa ajili ya amani kitakuwa mtego wa maskini. Ndiyo sababu naiona njia ya katikati kuwa njema kuliko mlango wa chuma: yamlazimisha hakimu kumtazama mtu aliye mbele yake, tena yamlazimisha mtu huyo kusema kweli.

Na hapo kwenye kweli ndipo panapotuhusu sisi. Ombi la kuongezewa muda husimama juu ya hati ya kiapo. Mwombaji aapa kwamba aliyoyasema ni kweli. Tena akimtaja mtu mwingine, kwamba fulani alimpeleka hospitali, au fulani alimwambia jambo, mahakama hutaka huyo fulani naye aape mwenyewe. Ndipo jirani, muuguzi, mwalimu, mwinjilisti au mzee wa kanisa aombwapo: Mzee, nisaidie, sema tu kwamba nilikuwa mgonjwa. Ni neno dogo, nani atakayeumia?

Ndugu, ataumia mtu. Ataumia yule jirani aliyepanda migomba yake kwa amani. Ndiye atakayelipa nauli na wakili, ndiye atakayekosa usingizi, kwa sababu ya ugonjwa usiokuwako. Twajifunza katika Amri ya Nane kwamba tusimshuhudie jirani yetu uongo. Na watu wengi hudhani ushuhuda wa uongo ni ule wa kumsingizia mtu wizi au uchawi. Lakini anayeapa uongo juu ya siku za mwenziwe amechukua siku za mtu mwingine akazigawa. Tena amewaumiza wagonjwa wa kweli. Maana kila cheti cha uongo kipitacho mbele ya hakimu humfundisha kushuku kile cha kweli kitakachofuata.

Huenda mtu akasema, Je, kama najua kwamba haki ni yake? Kama nilikuwako mpaka ulipowekwa, nami najua alidhulumiwa, si heri uongo mdogo uurudishe ukweli mkubwa? Swali hili huwapata hata watu wema. Jibu ni hili: uliyoyaona juu ya mpaka, yaseme kwa kiapo, kila neno, shauri lisikizwapo. Lakini juu ya siku huna zaidi ya uliyoyaona juu ya siku. Na kama hukumu ina kosa la sheria lililo wazi, hilo lenyewe laweza kuwa sababu ya kufunguliwa mlango. Ukweli una njia yake. Tusiutie miguu ya kuazima.

Katika Injili ya Luka sura ya 13 mna habari ya mtunza shamba aliyeuombea mtini usiozaa. Mwenye shamba alikuwa amengoja miaka mitatu, naye alitaka ukatwe. Tukiiangalia vema, mtunza shamba aliomba kuongezewa muda. Lakini tazama jinsi alivyoomba. Hakusema mti ulizaa, wala hakuificha ile miaka mitatu. Aliomba muda wenye kikomo, mwaka mmoja. Alitaja kazi atakayoifanya, kuupalilia na kuutia samadi. Kisha alikubali mwisho wake kama hautazaa. Kukiri kuchelewa, kutaja bidii, kukubali kikomo: ombi la namna hiyo halimwibii mtu.

Nawe uliyeshinda shauri una neno lako. Ikiwa wewe mwenyewe ulimchelewesha mwenzako, ukamwambia, Usiende mahakamani, tutapatana nyumbani, hali moyoni wahesabu siku zake zipite, basi amani uliyo nayo si ile niliyoisema juu. Umeipata kwa hila. Akija na ombi lake, useme kweli kwamba mlikuwa katika mapatano, hata kama neno hilo litakurudisha mahakamani.

Mwisho nawaambia wainjilisti na wazee: msaada wa kweli ni wa siku ya kwanza, si wa siku ya mia. Ukisikia kwamba mtu wa mtaa wako ameshindwa katika shauri, usingoje aje na machozi baada ya mwaka. Mwendee juma lile lile. Muulize, Hukumu ilitolewa tarehe gani? Siku zako ni ngapi? Mwandikieni barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, tena ipelekwe upesi, maana katika mashauri mengi siku za kungojea nakala huondolewa katika hesabu, na kwa Mahakama ya Rufani barua hiyo hutakiwa katika siku 30. Barua moja ibaki kwake, yenye muhuri wa kupokelewa. Kila aendapo mahakamani, kila aendapo hospitali, aandike tarehe katika daftari; asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wawasaidiao wasio na mali; apelekwe kwao siku zikali mbichi. Na kama muda umekwisha kupita, aende kesho, asingoje kesho kutwa, maana siku za kusitasita nazo zitahesabiwa. Na aliye kifungoni akumbukwe na wanaowatembelea wafungwa, aulizwe kama rufani yake imekwisha kupita mikononi mwa mkuu wa gereza.

Kazi hizo ni ndogo, hazina sifa mbele ya watu. Lakini mtu mmoja mwenye daftari na kalamu katika siku zile 45 aweza kumwokoa mjane na hasara, aweza kumhifadhi jirani yake asisumbuliwe baada ya amani, tena aweza kumwepusha mzee wa kanisa na kiapo ambacho kingemlemea moyoni siku zote.

Basi ile mithali, Kawia ufike, na ikae mahali pake, kwa yule aliyezuiwa na jambo lisilo mikononi mwake, naye aja akisema kweli yote. Huyo afunguliwe. Lakini sisi wengine tuliopewa siku zetu na afya yetu, tuzitumie siku hizo zingali zetu.